Bodi ya Tatu

Shika tochi, Mfaume. Mwanga uelekee mezani,
si kwenye sharubu za paka.
Umeme utarudi ukijisikia; sisi tutoboe matundu kwa mkono.

Bodi ya kwanza niliichapa kinyume.
Nililaza karatasi juu ya shaba, nikapiga pasi,
pasi ile ile inayonyoosha sare zako za shule,
nikalowesha, nikamenya taratibu kama ganda la yai,
njia zote zikatoka nyeusi, safi,
kasoro kushoto kulikuwa kulia.
Chipu ikakaa pale kama mgeni
aliyetoka msikitini na viatu vya mwenziwe.

Ya pili sitaki kuisimulia.
Sawa. Niligeuza betri. Kapasita ikapasuka, pwaa!
Mama Nachundu akavuka ua na ndoo ya mchanga,
na ndoo hiyo ipo mlangoni hadi leo, hajaichukua,
kila asubuhi inanicheka.

Hii ni ya tatu.
Asidi iliila shaba dakika arobaini
ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka,
nami nalitikisa kama anayebembeleza mtoto wa kuazima.
Vimebaki vijia,
vyembamba kuliko vile vya kushukia bondeni
bibi zetu walipofuata maji,
na kama vile, kimoja kikikatika
nyumba nzima inalala na kiu.

Umeme huo! Haya, tulehemu.
Gusa mguu na shaba kwa pamoja, hesabu moja, mbili,
ndipo ulete risasi. Usiipake kama udongo ukutani.
Inyweshe.
Ikikubali itang'aa, itateleza yenyewe
kama tone la umande kwenye jani la muhogo.
Ikikataa itakuwa donge la kijivu,
na donge la kijivu ni shahidi wa uongo:
limesimama pale, halipitishi neno.
Fungua dirisha, ulimbo unaniwasha macho.

Unauliza kwa nini najisumbua?
Ulikuwepo ghalani Oktoba ile.
Magunia kumi na moja ya Bibi Somoe.
Mtu akatia mkono guniani, akakunja uso, akasema: mbichi.
Mkono tu!
Mkono uliotoka kunawa, bado unadondosha maji!
Magunia yakarudi, na kabla ya magharibi
kangomba ameyabeba kwa bei ya kutupa.
Basi nataka kitu kisicho na mjomba wala shemeji,
kiingie guniani, kitoke na namba.

Tuipandishe kwenye kasha.
Miguu minne nimekata mirija ya kalamu,
mmoja ulikuwa na wino, tazama kidole changu.
Kaza skrubu kwa pembe, hii, kisha ile ya mkabala,
pole pole, kama unayefunga kitenge mgonjwa.
Bodi ikipinda, viungo vitalia ndani kwa ndani
na hatutavisikia.

Washa.

Nyekundu. Kijani. Kioo kinasema sita.
Korosho ile ile: kumi na tisa.
Ile ile tena: nne.
Usicheke.
Nikiweka kidole kwenye kichwa cha skrubu, inatulia,
tisa, tisa, tisa.
Nikitoa, inapayuka kama mwenye homa.

Mulika hapa, pembeni. Unaona?
Waya mweusi unaelea.
Ardhi. Tumesahau kufunga ardhi,
sisi wa Newala, ambao udongo wake mwekundu
hautoki kwenye soksi hata ukifua mara tatu.

Fungua skrubu. Ndiyo, zote nne.
Kalamu iliyobaki iandike pale ukingoni:
ya tatu, bado.
Na ile ndoo ya Mama Nachundu,
isogeze karibu kidogo.